Mikono ya Mama Ndani ya DVD

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba aliyofanyia kazi Keziah ilikuwa ikitulia. Madam, mwajiri wake, alilala. Watoto walilala. Keziah aliosha sufuria kubwa ya wali, akakausha mikono, kisha akapanda juu ya paa kwenye kamba za nguo. Kutoka hapo aliona matangi ya maji ya mtaa wa Ruwais na kipande kidogo cha bahari ya Jeddah. Hapo ndipo alipopigia simu nyumbani.

Nyumbani ni Chavakali, Kenya. Simu ilipokewa na mama mkwe wake, Mama Jerusha.

"Haloo, Mama. Mko salama?"

"Tuko salama, Mama Stacy. Mvua imenyesha. Mahindi yamesimama vizuri."

"Na Stacy?"

"Yuko hapa, amenishika sketi. Ngoja nimpe."

Keziah akasikia simu ikikwaruza. Alijua mtoto ameiweka shavuni, si sikioni. Stacy alipenda kuhisi simu ikitetemeka mama yake anapozungumza. Lakini hakusikia neno lolote. Stacy alikuwa kiziwi.

Alipokuwa mdogo, akianza tu kusema "mama," aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena. Keziah akaanza kuzungumza naye kwa mikono. Hakuna aliyemfundisha. Alibuni mwenyewe. Kupapasa shavu kulikuwa "mama." Kushika usukani kulikuwa "baba," kwa sababu Julius, mume wake, alikuwa dereva. Kulalia kiganja kulikuwa "twende tukalale." Mama na mtoto walielewana hivyo, hata wakachekeshana.

Kisha shule ya bweni ya watoto viziwi ikamkubali Stacy. Karo ilikuwa nzito. Julius akatangulia kwenda Riyadh, akawa dereva wa familia moja. Baadaye Keziah akapata kazi ya nyumbani Jeddah. Walikuwa nchi moja, lakini kati yao kulikuwa na barabara ndefu ya jangwa. Walionana kwa nadra sana.

Wakati huo simu zao zilikuwa za vitufe. Zilileta sauti tu.

"Mama Stacy," Mama Jerusha alisema siku hiyo, "kuna jambo nataka kukuambia. Usilie."

"Ni nini, Mama?"

"Ile picha yako iliyo ukutani. Zamani mtoto akiiona alipapasa shavu. Siku hizi anaitazama tu. Jana aliitoa, akaigeuza kuona nyuma kuna nini. Akairudisha."

"Hapapasi shavu?"

"Tangu shule ifungwe sijamwona akipapasa."

Keziah alisimama kati ya shuka zilizoanikwa. Upepo wa bahari ulikuwa wa moto. Hakulia. Alimpigia Julius.

"Baba Stacy, mtoto ananisahau."

Julius alikuwa chumbani kwake, mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Alikaa hapo na madereva wengine Wakenya. Alitoka nje ili azungumze vizuri.

"Hawezi kukusahau, Keziah. Wewe ni mama yake."

"Picha haisogei, Julius. Mimi na yeye tulizungumza kwa kusogeza mikono. Sasa anaona mtu amesimama tu, hasemi kitu. Kwani wewe ungempenda mtu kama huyo?"

Julius akasema, "Basi tumtumie picha inayosogea. Pale nyumbani tuliacha TV, na ile mashine ya DVD niliyonunua kabla sijaondoka. Niachie mimi."

Julius alikuwa mtu wa kutenda haraka. Wiki hiyohiyo aliazima kamera ya video kwa mtoto wa bosi wake. Dereva mmoja aliyekuwa akirudi Kenya moja kwa moja alimwachia mashine kuukuu ya kurekodi DVD. Mashine hiyo haikuwa na kitabu cha maelezo.

Kwanza alinunua CD tupu, kwa sababu kwao kila kitu cha duara kinachong'aa huitwa CD. Mashine ikazitema. Akarudi dukani.

"Hii ni CD," muuzaji alimwambia. "Mashine yako ni ya DVD. CD ni ndogo ndani, haibebi picha nyingi. Chukua hizi."

Akampa DVD tupu. Mashine ikazikubali. Julius akaweka kamera juu ya kabati, akakaa kitandani, akamwambia Stacy kwa mikono kila alichoweza. Alishika usukani. Alionyesha jua kali. Alionyesha ngamia, mpaka mwenzake John akacheka akaanguka. Kisha akatazama alichorekodi kwa mashine ileile. Ikaonyesha vizuri. Akaifunga DVD hiyo kwa karatasi na plastiki. John alikuwa anakwenda likizo Kenya, akaibeba.

Jumamosi John alipoifikisha, Mama Jerusha alimvalisha Stacy gauni la kanisani. Alimketisha mbele ya televisheni. Akamfanyia ishara ya usukani. Baba. Baba anakuja hapa, ndani ya kioo.

Stacy akaelewa. Akakaa wima, mikono magotini, akangoja.

John aliingiza DVD. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha kioo kikawa cheusi na maandishi madogo yakatokea. Yalisema hakuna diski. John akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Maandishi yakawa yaleyale.

"Mtoto alingoja sana," Mama Jerusha alimweleza Keziah kwenye simu. "John alikuwa ameshaondoka, yeye bado anangoja. Alikwenda nyuma ya TV kuangalia. Alirudi akagusa kioo. Kisha akanitazama mimi, Mama Stacy. Alinitazama kama mtu aliyemdanganya."

"Na sasa?"

"Sasa nikimwita aje mbele ya TV, anakataa. Anatoka nje."

Keziah alimaliza kazi za siku hiyo. Alipopiga pasi, mkono wake ulikuwa ukienda shavuni wenyewe.

Siku chache baadaye kulikuwa na shughuli nyumbani. Mpwa wa madam alikuwa anaolewa, na sherehe ya hina ilifanyika hapo. Katika sherehe hizo wanawake hukaa peke yao. Kwa hiyo anayewapiga picha lazima awe mwanamke. Mchana, mama mmoja wa makamo aliingia na masanduku ya kamera na taa. Akavua abaya, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufungua waya.

Keziah alikuwa akipita na sinia ya tende.

"Lo!" yule mama akajisemea. "Waya wa manjano nimeuwacha wapi tena?"

Keziah akasimama. Hakuwa amesikia Kiswahili ndani ya nyumba ile hata mara moja.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Yule mama akageuka kwa haraka. "Marahaba! Ala! Wewe Mkenya?"

"Ndiyo. Naitwa Keziah."

"Mimi Zuwena. N'mezaliwa Unguja, n'kaja huku kuolewa. Miaka imekwenda, wanangu wamekulia hapahapa. Hebu n'shikie taa hii, mwanangu."

Keziah akashika taa. Akamwona Bi Zuwena akichomeka waya tatu, nyekundu, nyeupe na manjano, kutoka kwenye kamera hadi kwenye mashine nyeusi.

"Hiyo ni ya kurekodi DVD?" Keziah akauliza.

"Ndiyo. Bibi harusi akirudi nyumbani ana DVD yake mkononi. Hii ndiyo kazi yangu. Mbona unaitazama hivyo?"

Keziah akamweleza. Alisema haraka, kwa sauti ya chini, akihofia kuitwa jikoni. Alimweleza habari ya Stacy, ya Julius kule Riyadh, ya picha ya ukutani, na ya kioo kilichokuwa cheusi.

Bi Zuwena akaacha waya. "Baba mtoto aliifunga ile DVD?"

"Aliifunga vizuri sana. Kwa karatasi, na plastiki juu."

Bi Zuwena akacheka. Kisha akaona macho ya Keziah, akaacha kucheka. Akamshika mkono.

"N'samehe. Sicho nilichouliza. DVD hufungwa kwa mashine, ndani kwa ndani. Mumeo huja Jeddah?"

"Bosi wake ana shughuli huku. Humleta mara mojamoja."

"Akija, aje na mashine yake. Mje kwangu, mtaa wa Baghdadiya. Tutaitazama sote."

Kabla ya mwezi kwisha, bosi wa Julius akaja Jeddah. Julius akaweka mashine kwenye buti, ameizungushia blanketi. Keziah alimwomba madam ruhusa, akamweleza sababu. Madam alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yalla, nenda," akasema. "Rudi kabla ya magharibi."

Julius alingoja mlangoni. Hawakukumbatiana mtaani. Walipeana mikono kama majirani.

"Umekonda," Julius akasema.

"Na wewe una mvi."

"Ni vumbi la Riyadh."

Kwenye gari kila mmoja alikuwa na maneno mengi, na safari ilikuwa fupi.

Bi Zuwena aliishi ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mume wake, Mzee Hilali, alimkaribisha Julius kahawa. Bi Zuwena akaunganisha ile mashine kuukuu kwenye televisheni yake. Julius akaingiza DVD nyingine aliyokuwa amerekodi siku ileile ya kwanza.

Picha ikatokea. Julius kitandani, akisogeza mikono. Lakini kila mikono iliposogea, vidole viligeuka vipande vya mraba, kama vigae vilivyomwagika.

"Huku kulikuwa kumeandikwa nini uliporekodi?" Bi Zuwena akauliza, akionyesha rimoti. "SP, LP au EP?"

"EP. Muuzaji alisema hiyo ndiyo inabeba saa nyingi."

"Kweli inabeba nyingi. Lakini inabana picha. Mtu akikaa kimya, huoni tofauti. Akisogea haraka, picha inavurugika. Mtoto wenu anasoma vidole, baba. Ukimvurugia vidole, umempa kitabu kilicholowa maji. Nyinyi rekodini kwa SP. Diski moja itabeba kiasi cha saa mbili, na hizo zinatosha."

Julius akaitikia kwa kichwa. Keziah alikuwa bado anaitazama mikono ya mume wake kwenye kioo.

"Na kule nyumbani hata hiyo iliyovurugika haikuonekana," akasema. "Kwa nini?"

Bi Zuwena akaitoa DVD, akaishika ukingoni bila kugusa sehemu inayong'aa. Akaipeleka dirishani. "Soma hapa, Baba Stacy."

"DVD. Alama ya kujumlisha. R."

"Vyema. DVD tupu zina makabila. Kuna zenye alama ya kujumlisha na kuna zenye kistari. Mashine nyingine zinakubali zote, nyingine kabila moja tu. Sasa, mashine ya kule nyumbani inakubali ipi?"

"Sikuwahi kuangalia," Julius akasema.

"Hilo ndilo la kwanza," Bi Zuwena akasema. "Watu huanza na mashine ya kurekodi. Mimi huanza na yule atakayetazama. Mpigieni bibi."

Keziah akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Mama, chukua ile mashine ya DVD. Angalia mbele, imeandikwa nini?"

"Ngoja nitafute miwani." Kuku walisikika. "Sioni vizuri. Humu ndani kuna giza."

"Peleka mlangoni."

"Nimefika mlangoni. Stacy ananifuata. Anadhani ninaitupa. Haya. Kuna DVD. Halafu kuna kistari. Halafu R."

"Kistari au msalaba, ile alama ya kujumlisha?" Bi Zuwena akauliza kwa sauti.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama mmoja anayetusaidia," Keziah akasema. "Kuna msalaba mahali popote? Angalia na nyuma."

Walisikia mashine ikigeuzwa. "Hakuna msalaba. Ni kistari tu. Mama Stacy, mtoto anauliza nafanya nini. Nimwambie nini?"

Julius akaisogelea simu.

"Mwambie bado tunatafuta njia, Mama."

Simu ilipokatika, Bi Zuwena akamiminia kila mtu kahawa.

"Mashine ya kwenu inataka kistari," akasema. "Hii ya Baba Stacy, tazameni hapa mbele, inarekodi za msalaba tu. Hata ungefanya kila kitu sawa, zisingesikilizana. Na kuna kosa jingine, ndilo lile nililouliza siku ya hina. DVD ukishairekodi, mashine yako inajua pa kuanzia na pa kuishia, kwa sababu ndiyo iliyoandika. Mashine nyingine haijui. Mpaka uifunge. Kwenye rimoti nenda palipoandikwa Finalize, ubonyeze, ungoje bila kuzima. Hapo mashine inaandika mwongozo wa kusomea. Ikimaliza, diski inasomeka kwengine. Lakini ya R ukishaifunga, huongezi kitu tena."

"Na zenye RW?" Julius akauliza. "Niliziona dukani."

"Hizo unafuta na kurekodi upya. Ni nzuri kwa mazoezi. Lakini mashine za kuonyeshea, hasa za zamani, nyingi hazizipendi. Fanya mazoezi kwa RW. Ya kupeleka nyumbani iwe R."

Wakashuka pamoja mpaka duka la vyombo vya umeme mtaa wa pili. Muuzaji akawaonyesha mashine kubwa yenye taa za buluu.

"Hii ina kumbukumbu ndani," akasema. "Inaweka filamu nyingi sana."

"Wanataka kumrekodia mtoto mmoja," Bi Zuwena akamjibu. "Tuonyeshe ya kawaida."

Akaleta ndogo zaidi. Bi Zuwena akamwacha Julius aikague mwenyewe. Julius akainama.

"Mbele kuna kistari na msalaba, alama zote mbili. Kuna matundu matatu, manjano, nyeupe na nyekundu. Hapo nachomeka kamera."

"Geuza nyuma. Umeme?"

"Mia moja mpaka mia mbili na arobaini."

"Vyema. Huku nyumba nyingine zina umeme mdogo, nyingine mkubwa. Kwenu ni mkubwa. Hiyo haitaungua popote. Muulize kama inarekodi kwa PAL, maana TV za Kenya hutumia mfumo huo wa picha."

Ilirekodi PAL. Kitabu cha maelezo kilikuwemo kwenye sanduku, na muuzaji akakubali kuiwasha pale dukani waione ikirekodi. Julius akailipia.

Walipofika kwenye DVD tupu, muuzaji alisukuma mbele mnara mrefu wa diski zisizo na jina. "Rahisi sana. Mafi mushkila, hakuna tatizo!"

Julius alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Nipe chache kwanza, zile za kampuni inayojulikana. Zenye kistari na R. Nikizijaribu zikafanya kazi, nitarudi kununua nyingi."

Bi Zuwena alimtazama Keziah, akatabasamu.

Waliporudi ghorofani jua lilikuwa limeanza kuteremka. Bi Zuwena akawakalisha Keziah na Julius pamoja kwenye kochi, ukuta mweupe nyuma yao. Akawasha taa mbele. Akampa Keziah mtandio mweusi ajifunge kifuani, ili mikono ionekane vizuri mbele yake.

"Haya, mwanangu. Sema na mtoto."

Keziah akainua mikono. Ikabaki hewani. Alikuwa amengoja siku hii, na sasa hakujua aanze wapi. Mikono yake ilikuwa imezoea kukamua matambara, kumenya vitunguu, kukunja nguo za watoto wa watu. Ilikuwa imekaa kimya muda mrefu.

"Siwezi," akasema. "Sijui anaelewa nini siku hizi. Amekua."

Julius akamgeukia. Akapapasa shavu lake mwenyewe, taratibu, kama Stacy alivyokuwa akifanya.

Keziah akacheka, machozi yakamtoka. Kisha akaanza. Mama. Mimi hapa. Ninakuona ninapolala. Nyanya amekupikia nini? Mimi ninapika wali, wali, wali kila siku. Julius akaingilia na usukani wake, akafanya kama gari limegonga ngamia. Keziah akampiga bega. Bi Zuwena aliacha kamera iendelee. Hakuwaharakisha, ijapokuwa saa ya madam ilikuwa inakaribia.

Walirekodi kwa SP. Wakaifunga DVD, wakangoja mpaka mashine iseme imemaliza. Mzee Hilali akaipeleka kwa jirani aliyekuwa na mashine ya zamani, akarudi akisema imeonyesha tangu mwanzo mpaka mwisho. Wakatengeneza ya pili ya akiba. Bi Zuwena akaandika jina la Stacy juu ya zote mbili kwa kalamu ya wino yenye ncha laini.

"Usitumie kalamu ngumu, inakwaruza," akasema. "Usibandike karatasi. Wala usiiache garini juani."

Julius alimrudisha Keziah Ruwais. Gari likasimama mlangoni, injini ikiwaka.

"Tulikuwa tumekaa pamoja," Keziah akasema. "Umeona? Kwenye kochi, kama watu wa nyumba moja."

"Nimeona."

"Yeye atatuona hivyo kila siku. Sisi tutaonana lini?"

Julius alishika usukani kwa mikono miwili. "Sijui, Mama Stacy." Kisha simu ya bosi ikalia, na Keziah akashuka.

DVD ilibebwa na Rosebellah, rafiki aliyefanya kazi nyumba ya jirani, aliyekuwa anakwenda likizo Kenya. Ijumaa iliyofuata Keziah alipanda juu ya paa mapema. Simu ilipokelewa mara moja.

"Imeonyesha!" Mama Jerusha alipiga kelele. "Imeonyesha, Mama Stacy!"

"Na yeye je?"

"Mwanzo alikataa kuingia. Alisimama mlangoni. Rosebellah akaiwasha hivyohivyo. Ulipotokea, mtoto akaja polepole mpaka karibu na kioo. Ukapapasa shavu. Akakutazama. Ukapapasa tena. Basi akapapasa lake. Mama, akapapasa mpaka nikadhani atajichubua! Sasa anakujibu. Ukimuuliza amekula nini, anakuambia. Asubuhi kabla ya uji, yuko mbele ya TV."

Keziah alikaa chini, kwenye saruji ya moto, akamwomba asimulie yote tena.

Rosebellah aliporudi kutoka likizo, alileta DVD nyingine. Mwalimu Hannah wa shule ya Stacy alikuwa amemrekodi mtoto darasani, akaifunga vizuri. Madam akamruhusu Keziah aitazame sebuleni, na mwenyewe akakaa kando.

Stacy akatokea. Alikuwa mrefu. Meno ya mbele yalikuwa mapya. Akapapasa shavu. Kisha akaanza kuzungumza, na mikono yake ikaruka kama ya mtu mzima. Zilikuwa ishara za shuleni, za haraka na zenye mpangilio. Keziah alishika moja, akaikosa ya pili na ya tatu. Mtoto alicheka kwa jambo alilolisema mwenyewe, na mama hakujua ni jambo gani.

"Anasema nini?" madam akauliza.

"Sijui, madam," Keziah akajibu. "Amejifunza kusema, na mimi sikuwepo."

Madam alimpa rimoti.

Tangu siku hiyo, kazi zikiisha, Keziah aliiwasha DVD, akaisimamisha, akaitazama mikono ya mtoto, akaiga. Akairudisha nyuma, akaiga tena. Ijumaa alimpigia Mwalimu Hannah kumuuliza maana. Bosi wa Julius alipokuja tena Jeddah, walirekodi DVD ya pili kwa Bi Zuwena. Safari hii Keziah alitumia ishara za shuleni, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Julius aliendesha mashine mwenyewe, tangu kuchomeka waya mpaka kuifunga. Huko Shumaisi, wenzake waliotaka kununua mashine walikuwa wameanza kumwuliza, naye aliwauliza kwanza, "Nyumbani kwenu kuna mashine gani?"

DVD ilipofika Chavakali, Mama Jerusha alipiga simu yeye mwenyewe. Haikuwa hata Ijumaa. Keziah alikuwa jikoni, akikata bamia.

"Mama Stacy, uko na nafasi? Mtoto anakurekebisha."

"Ananirekebisha vipi?"

"Kuna mahali mwishoni. Kila ukifika hapo anatikisa kichwa, anainua mkono kukuonyesha. Nimeirudisha mara nyingi. Shule imefungwa tena, na mwalimu amekuja kututembelea, ngoja akueleze."

Mwalimu Hannah akachukua simu. "Mama Stacy, hongera, umejitahidi sana. Ni neno moja tu. Ulitaka kumwambia utakuja nyumbani?"

"Ndiyo."

"Ulipeleka mkono kando. Hiyo ni kwenda. Stacy anasema uulete mbele, kuelekea kwake. Hiyo ndiyo kuja."

Keziah akaweka kisu chini. Mkataba wake ulikuwa haujakwisha. Akaegemeza simu begani, akafuta mikono kwenye aproni.

"Mwambie angoje," akasema. "Nafanya tena."

Akainua mkono, akauleta mbele.